Sufuria Zilizofungiwa kwa Mzee Ombati

Esnah aliporudi kutoka kuchuma pareto, kapu mgongoni na umande bado miguuni, alimkuta mama yake, Nyanchera, ameketi mbele ya mafiga matupu. Wageni walikuwa njiani. Mzee wa kijiji, Ombati, alikuwa anakuja kumposa Esnah kwa ajili ya mwanawe Omwenga. Unga ulikuwapo, kuni zilikuwapo, hata kuku alikuwapo. Sufuria haikuwapo.

Sufuria aliichukua Ombati mwenyewe, akiwa na askari kanga wawili wa chifu, akaifungia stooni kwake, kwa kuwa Nyanchera, mjane, alikosa mchango wa harambee ya zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa rundo la mawe lililoota nyasi. Mwaka ule wa sabini na moja sukari ilipanda, pareto ikashuka, na kila baraza la pale Marani lilizaa mchango mpya. Asiyetoa hutolewa kitu nyumbani.

"Nenda uazime kwa jirani," Nyanchera alisema.

"Jirani gani, Mama? Kilima kizima kinachemshia kwenye mikebe."

"Sasa tufanyeje? Mgeni wa posa akiondoka na njaa, hiyo aibu itatufuata mpaka kaburini."

"Aibu ya nani?"

Esnah alimpenda Omwenga, aliyekuwa akichonga mawe kule Tabaka, kijana mpole. Upole huo ndio uliomtia wasiwasi. Mchumba mpole ni mtamu, lakini akiwa mpole mbele ya baba kama yule, mke ataliwa hadi mifupa. Leo nitajua, alijiambia, ndipo nijibu.

Wageni wakaja, wakaketi. Ng'ombe wa mahari wakatajwa, rangi kwa rangi, pembe kwa pembe. Jua likapita utosi. Kuku wa wageni alikuwa bado anachakura uani.

"Angwenyi," Ombati alimwambia baba mdogo wa Esnah, aliyesemea upande wa binti, "hapa kwenu mnashiba maneno?"

Esnah akatokea mlangoni pa jikoni, macho chini. Msichana hamsemeshi baba mkwe, kwa hiyo alimsemesha baba mdogo wake.

"Baba mdogo, waambie wageni chakula kipo. Sufuria ndiyo iko kwao, stooni. Wakiileta tutapika."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Ile ni mali ya serikali," Ombati alisema, akashika fimbo yake. "Na binti huyu ana mdomo. Omwenga, simama twende. Wasichana hawajaisha Kisii."

Omwenga akasimama.

"Baba, wewe keti," Omwenga alisema, sauti ikimtetemeka. "Nipe ufunguo wa stoo."

"Unasemaje?"

"Ufunguo. Ama nivunje kufuli. Nyundo ya mawe ninayo."

Ombati aliwatazama wazee wenzake wamsaidie. Wote walikuwa wanamtazama kuku. Akauvua ufunguo shingoni.

Omwenga alirudi akisukuma toroli iliyojaa sufuria na majembe, kelele zake zikitangulia. Wanawake wakatoka mashambani, kila mmoja akitambua chake. "Ile yenye kiraka ni yangu." "Sogea, hilo jembe langu." Hakuna aliyeomba ruhusa.

"Chifu akiniuliza nitasema nini?" Ombati alilalamika.

"Mwambie zimeenda kupika posa," bibi mmoja alimjibu, sufuria tayari kichwani.

Kuku alipoanza kunukia, Angwenyi akamwita Esnah mbele ya watu, kama ilivyo desturi.

"Mwanangu, ng'ombe hawa tuwapokee, ama wabaki kwao?"

Esnah alimtazama Omwenga, jasho bado linamtiririka.

"Wapokee, Baba mdogo. Na uwaambie hivi: nikishafika kule, anayetaka kufungia sufuria ya mjane katika boma lile atanipitia mimi kwanza."

Vigelegele vilishuka kilima mpaka sokoni. Ombati, njaa ikiwa imemshinda, akanyoosha mikono yote miwili ili anawishwe.