Barua ya Alfayo kwa Ofisi ya Kodi

Alfayo alitoa ushuhuda wake vile tunavyotoa kanisani, mkono kifuani, sauti ikipanda taratibu. Ila huu ulikuwa ukumbi wa kukodi pale Selly Oak, huku Uingereza, na aliyeshindwa hakuwa shetani bali ofisi ya kodi.

"Niliwaandikia barua moja tu," alisema. "Niliwaambia sikubali kodi ya mapato, wala hizi pesa ambazo benki kuu inajichapishia. Hawakunijibu! Na ukaazi nikapewa."

Watu wakapiga makofi. Mimi dada yake nilikuwa nimekaa nyuma, nikijua kwamba barua hiyo haikufika popote.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alinipa niiposti nikienda zamu hospitalini. Mimi ni mdaku, sikatai. Niliifungua kwenye basi nikasoma maswali yake yote, na Mungu anisamehe, yakanivutia. Mwalimu wake alikuwa Arnold, Mwingereza mstaafu wa Sutton Coldfield aliyeongoza kikundi chao cha kupinga kodi. Aliwafundisha kwamba Marekani ilipata kodi ya mapato ya shirikisho na sheria ya benki kuu mwaka uleule, 1913, na kwamba hapa Uingereza kodi hiyo ilianzishwa kwa muda tu, kugharamia vita na Napoleon. Jamani, Napoleon! Nilitafuta kwenye simu nikakuta ni kweli. Sasa nani alisahau kuifuta? Siku hiyo nzima, nikibadilisha shuka za wagonjwa, niliwaza pauni inazaliwa wapi kabla ya kunifikia.

Lakini kuna jambo ambalo Arnold, mzaliwa wa hapa, hakuwa na haja ya kulijua. Alfayo ni dereva wa teksi aliyejiajiri, na alikuwa amebakiza miezi michache aombe ukaazi wa kudumu. Anayeomba huangaliwa kodi zake. Arnold akigoma, ataletewa faini. Mdogo wangu angeweza kupandishwa ndege, awe anawaona watoto wake wawili kwenye simu, yeye akiongea Kiswahili na wao wakimjibu Kiingereza.

Nilijaribu kumwambia hatari hiyo.

"Dada, wewe umelala," akanijibu. "Angalia chama chenu cha kina mama, mnavyochangiana pesa kwa zamu. Kuna benki kuu pale? Kuna riba? Na mnaendelea vizuri tu!"

Sikubishana naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia fomu ya kodi kila Januari, na nywila yake ninayo. Nikaijaza bila yeye kujua. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika nikalipa kodi yake yote, na kina mama walipouliza friji mpya niliyosema nitanunua iko wapi, nikasingizia bei. Nilijiona nimemwokoa, na nilijisikia vizuri sana.

Sikujua angeanza kuhubiri. Arnold ndiye aliyemwomba aongee na Waswahili wenzake, na sasa alikuwa ameketi mbele akitabasamu bila kuelewa neno. Kando yangu mwanamke mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Sadiyo, aliyelelewa Garissa, alitoa kalamu.

"Dada, unamjua huyu? Nataka kunakili hiyo barua," aliniambia. "Nashona nguo huko Aston, nimejiajiri. Mwakani naomba ukaazi."

Nikajikuta nimesimama.

"Hiyo barua sikuiposti," nikasema. "Kodi yake nililipa mimi, na pesa za chama."

Arnold akapiga makofi mawili matatu, akaona yuko peke yake, akaacha. Sadiyo alikuwa amefunika kalamu yake. Nilitamani ardhi inimeze, maana aibu iliyokuwa usoni mwa mdogo wangu nilimpa mimi, mbele za watu. Nilisubiri anitukane. Hayo ningeyaweza.

"Kwa hivyo hakuna aliyeisoma," Alfayo alisema, polepole. "Maswali yote yale, dada. Hakuna hata mtu mmoja aliyeyasoma."

"Niliyasoma mimi," nikamwambia, lakini alikuwa tayari anatafuta koti lake.