Harambee Ilikula Bima

Kahiga alikuwa amekwisha kusanya maziwa ya akina mama, mikebe sita, anayakimbiza kiwandani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha Mukurweini, na barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye mteremko pikapu yake ikateleza. Akakanyaga breki kwa nguvu zote, lakini wapi! Ikaenda kujibamiza kwenye gari la Diwani Hezekiah Ngatia, Pijo iliyoegeshwa mbele ya hoteli. Buti ikakunjika, taa zikamwagika matopeni.

Diwani akatoka na kikombe cha chai mkononi. Askari aliyekuwa akinywa naye akamfuata.

"Leta bima," askari akasema.

"Iliisha juzi, afande."

"Ati juzi? Na leo unaendesha kwa neema?"

Watu wakacheka. Kahiga hakucheka.

"Diwani anajua pesa ya bima ilienda wapi."

Alijua sana. Mwezi uliopita, kwenye harambee ya shule, ni yeye aliyeshika kipaza sauti akisoma majina. Wenye magari walipangiwa shilingi mia tano kila mmoja, na asiyetoa alisimamishwa mbele ya wakwe na majirani mpaka atoe. Kahiga alisimama kitambo, shingo ikimwaka, kisha akachomoa bahasha ya pesa ya bima. Makofi yakapigwa.

"Harambee ni hiari," Diwani akasema, akipuliza chai. "Hii ni kazi ya elfu tatu. Uko nazo?"

"Nipe nafasi, mzee. Nitalipa pole pole, kila mwisho wa mwezi."

"Niandikie hiyo pikapu iwe yangu. Ama twende kortini ufungwe, na bado nitaichukua. Utaendelea kuiendesha, nitakupa mshahara."

Kahiga akamtazama askari. Askari akatazama viatu vyake.

Diwani akaandika karatasi, Kahiga akaitia sahihi juu ya boneti iliyolowa.

"Haya, peleka maziwa kabla hayajaharibika," Ngatia akaamuru, sauti tayari ni ya tajiri wake.

Kahiga akapanda nyuma, akashusha mikebe yote, akaipanga ukingoni mwa barabara.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Pikapu ni yako, Diwani. Maziwa ni ya akina mama. Na dereva tafuta mwingine."

Akauacha ufunguo juu ya kiti, akajitwika mkebe mmoja begani na kuanza kupanda kilima. Kiwanda kilikuwa maili nne mbele. Mikebe mitano ilibaki ikimngoja, na jua lilikuwa limeanza kuchoma.