Msikiti Uliokaa Njiani mwa Maji

Haya niliambiwa na Tahmineh binti Yadollah, msimu wa pili wa zafarani baada ya mafuriko, tukichambua maua kwake.

Baba yake alikuwa mtunzaji wa msikiti wa wakfu, uliojengwa zamani katikati ya korongo kavu. Mvua ikanyesha milimani tangu alfajiri, maji yakashuka na magogo na mizoga ya kondoo, yakagonga ukuta wa msikiti yakageukia mtaa wa chini. Huko alikuwako Tahmineh na mapacha wake, juu ya paa.

Kadhi akaja na karatasi: msikiti uvunjwe, maji yapite. Nyuma yake tingatinga, na aliyeliendesha ni Nosrat, shemeji yake Yadollah.

Yadollah akaziba mlango, sepetu mkononi. Akamwambia kadhi wakfu hauuzwi wala hauvunjwi, na mwenye kuugeuza amejitakia laana. Kadhi akajibu kwamba hayo ayajua tangu utoto, lakini serikali ya Kiislamu ikiacha watu wafe ili kuta zibaki, kesho ataswali nani ndani yake?

Nosrat akashuka. "Toka, shemeji. Mwanao anazama, nawe unalinda matofali."

"Gusa mlango huu uone."

Akaugusa. Sepetu ikampata tayani, meno mawili yakadondoka topeni. Akamrukia Yadollah, wakabingirishana, ngumi kwa vichwa, huyu akimng'ata yule sikio, mpaka nyumba ya kwanza mtaa wa chini ikaporomoka. Mayowe yakasikika, kisha yakakatika.

Yadollah akamwachilia Nosrat. Akapiga viganja kwenye vumbi la ndani, akatayamamu, akashika sururu.

"Wa kwanza niwe mimi. Na matofali yasitupwe, yana msikiti wake kwingine."

Basi watu wakajipanga, wakawa wanapokezana matofali moja moja kwa adabu, kama wabebao mayai. Nyumba ya pili ikaenda, na waliomo. Iliyofuata ni ya Tahmineh. Hapo Nosrat, mdomo umejaa damu, akapanda tingatinga akausukuma ukuta mzima. Maji yakapita.

Yalipotulia, Nosrat akaokota sepetu, akadai kisasi chake. Kadhi akasema kisasi kina mahakama.

"Leo umeweka sheria kando kwa maslahi ya umma, Haj Agha," akasema Nosrat, akimwita kadhi kwa jina la heshima. "Mimi si umma?"

"Umma si taya lako."

Yadollah akapiga magoti, akainua kidevu. "Mpishe, Haj Agha. Piga, shemeji, ila usizidishe."

Akapiga. Yadollah akatema, akatazama kiganjani.

"Matatu. Umezidisha moja."

"Hilo la tatu ni la Tahmineh," akasema Nosrat.

Tahmineh akapanda kutoka mtaa wa chini na mapacha wake, akawalowekea wote wawili mkate kwenye mchuzi, maana hakuna aliyeweza kutafuna. Nosrat akala, akalala pale pale. Yadollah hakula. Alijinyoosha juani kwenye zulia la msikiti lililookolewa, kichwa juu ya tofali, akisikiliza maji yakipita ulipokuwa mlango wake, mpaka usingizi ukamchukua.