Kiwiko cha Mama Mistari

Kabla hakujapambazuka, jikoni kitu kiligonga mguu wa meza. Ko. Kikanyamaza. Halafu tena, ko, polepole, kama mtu anayebisha hodi na hataki afunguliwe.

Mume wa Mama Mistari alifumbua jicho moja. Alikuwa mlinzi wa ghala mpaka alipostaafu, lakini masikio yake yalikuwa bado yako zamu. Akajifunga shuka akaenda kutazama.

Alimkuta mkewe amekaa kitini, mkono wa kulia umelala mezani, kiganja kimeelekea chini na ngumi imetokeza ukingoni. Ngumi hiyo ilikuwa imeshika pasi nzito ya zamani, baridi kabisa. Mama aliishusha, akaipandisha, meno ameyauma. Ikayumba ikagonga mguu wa meza.

"Unampigia nani pasi saa hizi?"

"Nafanya mazoezi niliyopewa."

"Si uliambiwa chupa ndogo ya maji?"

"Chupa ni ya watu wasio na haraka, mzee wangu. Mimi ninayo."

Mzee alijua haraka hiyo imetoka wapi. Katika duka la dobi alikofanya kazi mkewe, hakuna aliyemfikia kwa pasi. Mstari wa suruali aliyoinyoosha yeye ulisimama wima mpaka mwenye suruali anaivua kulala, ndiyo maana wakamwita Mama Mistari. Sasa kiwiko kilikuwa kinamuuma upande wa nje, hata kufungua mlango kwa ufunguo ni kazi. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mwezi ukiisha hajapona, meza ya pasi atapewa Kidoti, yule msichana anayefua, na yeye akae mbele apokee nguo. Upole wenyewe ndio uliomchoma. Mtu akikufokea unamjibu. Akikuonea huruma utamjibu nini?

 Mzee alibandika chai, na ilipochemka akaliinua birika mwenyewe, akammiminia mkewe, akajifanya anatafuta sukari asije akashukuriwa.

Siku hiyo ilikuwa ya kwenda kliniki ya viungo. Benchi la kusubiria lilijaa viwiko. Fundi wa lipu alishika chake upande wa ndani, akasema ni mwiko na ndoo za zege. Karani mmoja alikuwa na uvimbe laini nyuma ya kiwiko, kama yai, kwa kukiegemeza mezani mchana kutwa. Dereva wa lori, anayeendesha huku kiwiko kimekaa dirishani, alilalamika kwamba kidole chake kidogo kinakufa ganzi.

"Na wewe mama, umeanguka?" fundi akauliza.

"Mimi? Nimesimama miaka yote hii, niangukie wapi?"

Wakacheka, na fundi akasogea ili Mama apate pa kulaza mkono.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mrefu mwenye koti jeupe lililokunjamana. Aligusa mfupa wa nje wa kiwiko kwa kidole kimoja tu, Mama akaruka.

"Wiki iliyopita hukuruka hivi. Umefanya nini, mama?"

Mama akatazama ukuta. "Chupa niliona nyepesi. Nikatumia pasi."

"Pasi!"

"Haikuwa na moto."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akavuta kiti.

"Sikiliza, mama yangu. Mfupa wako mzima. Zinazouma ni kano, zile kamba zinazoinua kiganja chako, na zimejishikiza hapa. Zimechoka. Ukizilaza kabisa zinadhoofika, ukizibebesha pasi zinachanika. Zinataka kazi kidogo kidogo. Shusha chupa taratibu kwa mkono huu, kisha mkono wa pili usaidie kuipandisha. Ikiuma kidogo ikatulia, endelea. Maumivu yakikesha nawe, umezidisha. Na mkanda wako, mbona umeufunga juu ya mfupa?"

"Si ndipo panapouma?"

"Ushuke kidogo, ukae kwenye nyama ya mkono."

"Na sindano? Jirani yangu alichomwa akapona siku hiyo hiyo."

"Jirani yako anaendeleaje sasa?"

Mama akafikiri. "Maumivu yamemrudia."

"Ndiyo maana nataka tuanze na mazoezi. Wengi hupona hivyo, ila yanataka subira. Haya, nionyeshe unavyopiga pasi."

Binti alikunja taulo, akaliweka kitandani. Mama akasimama, akalishika kama pasi, akaanza kusukuma. Bega likapanda, kiganja kikapinda juu, vidole vikapauka kwa kubana.

"Mbona unaishika kama mtu atakunyang'anya?"

Mama akaliachia taulo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwani si ndivyo wanavyotaka?" Akamweleza habari ya meza, ya mwisho wa mwezi, ya Kidoti.

Binti alikunja taulo vizuri, akaliweka mahali pake. "Hiyo meza nitakuja kuiona," akasema.

Akaja kweli, jioni baada ya kazi. Alizunguka meza, akamtazama Mama, akatazama meza tena.

"Hii ilitengenezewa nani?"

"Aliyenitangulia," Mama akasema. "Alikuwa mrefu kama mlingoti."

"Basi siku zote umekuwa ukipanda mlima."

Kidoti alisikia, akaondoa katoni za sabuni juu ya kichanja kifupi cha mbao, akakiburuta mpaka mezani. Mama akapanda. Bega likashuka lenyewe. Binti akaufunga mpini wa pasi kwa kitambaa ili unenepe, usidai kubanwa.

"Sasa iache pasi ifanye kazi. Uzito inao tayari. Wewe iongoze tu."

Mwenye duka alisogea, mikono kiunoni. Mama akachukua shati, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Hakukimbia. Kiwiko kilinong'ona kidogo, hakikupiga kelele. Alipolitundika, mwenye duka alilizungusha akitafuta kosa, akalikosa.

"Mimi nipe nguo nyepesi," Mama akamwambia, bila kuomba. "Mapazia na mashuka apige Kidoti. Nami nitamfundisha mstari wa suruali. Meza inatutosha sote wawili."

"Kidoti mwenyewe mgongo mbovu," mwenye duka akasema. "Kila nikimwambia ahamie hapo, anashika kiuno."

Kidoti akainamisha kichwa. "Mgongo ni mzima, bosi. Nilikuwa namsubiri mama."

"Kumbe!" Mwenye duka akakuna kidevu. "Haya, wagonjwa wangu, fanyeni hivyo."

Mama hakuweza kumtazama Kidoti mara moja. Alishuka, akamrekebishia ukosi wa gauni, ingawa ulikuwa umekaa sawa. Kisha akamgeukia binti wa kliniki.

"Vua koti."

"Mama, chupa—"

"Chupa kesho asubuhi, naapa. Vua koti, linanitia aibu."

Akalipiga pasi polepole, vidole vimelegea. Binti akalivaa lingali na joto, akajitazama, akatabasamu. Mama akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Uje tena, mwanangu. Usingoje mpaka kiwiko kiume. Uje tu, hata na koti lililonyooka."