Lenga Dohani

Babu, hapa Ardwhin jua hutoka baharini bado baridi, na kabla halijagusa paa, kabla halijagusa dirisha hata moja, huigusa dohani yako. Mawe mekundu yanawaka. Ndipo najua kumekucha.

Walikucheka, Babu. Hoteli nzuri namna ile, ya mawe ya kwetu, madirisha yote yanaitazama Bahari ya Kaskazini, halafu dohani umeipachika pembeni kabisa, ndefu, kama mtu aliyetoka kwenye foleni achungulie mbele. Wasanifu wenzako wa Edinburgh wakasema, "Dunsyre alichora amelewa." Hukuwajibu. Ulikuwa na kiburi, nami nimekirithi chote.

Mwaka huu hoteli imepata mmiliki mpya, Bwana Tulloch. "Bi Dunsyre," akaniambia, "dohani isiyotoa moshi ni ya nini? Naibomoa, nijenge chumba cha vioo." Roho iliniuma, usingizi ukanipaa. Lakini sikumlilia. Nikamwalika tucheze gofu.

Tukafika shimo la saba, pale kilima cha mchanga kinapoficha kila kitu. Upepo unavuma, nyasi zinalala, bendera ya shimo haionekani; juu ya kilima inachungulia dohani tu.

"Sasa nipige wapi?"

"Lenga dohani."

"Unanitania."

"Lenga dohani, Bwana Tulloch. Ndivyo tunavyocheza hapa tangu babu yangu aijenge."

Akapiga. Mpira ukavuka kilima, ukapotea. Tukapanda, tukashuka, yeye mbele mimi nyuma, na mpira tukaukuta umetulia karibu na bendera kama yai kwenye kiota. Akautazama mpira. Akaitazama dohani. Uliipanga na bendera mstari mmoja, Babu, ukawaacha wacheke.

Wiki iliyofuata mafundi wakapandisha jukwaa mpaka juu ya dohani. Nikajifungia ndani nisione. Jioni nikajikaza, nikatoka. Walikuwa wanaziba nyufa kwa chokaa, na mimi nikalia pale pale, mbele ya mafundi, bila aibu.

Leo alfajiri Bwana Tulloch yuko shimo la saba na wageni wake, kifua mbele, anawaambia, "Lenga dohani. Babu zetu hapa hawakuwa wajinga."

Babu zetu, eti, mtu wa juzi tu kutoka Glasgow. Nimemwachia. Jua limetoka baharini, na kabla halijagusa paa, kabla halijagusa dirisha hata moja, limeigusa dohani yetu.