Mpemba Mbele ya Barrage

Godefroid alikuwa na kazi mbili mu Dilala, kartye moja ya Kolwezi: kunyoa bantu bichwa, na kuongea. Ya kwanza njo ilimulisha. Ya pili njo ilifanya hata mbwa ya kartye imujue.

Ku salle ya video ya Tata Tshimanga, televizyo ilikuwa inaleta mupira ya Angleterre, na bazungu ba ndani banaongea Kiingereza mbio sawa bantu benye kukimbizwa na nyuki. Hakuna mwenye alikuwa anasikia kitu. Basi Tshimanga akapunguza sauti, akamupatia Godefroid megafoni. Godefroid alisoma Kiingereza ku secondaire. Kile alisikia, alitafsiri. Kile hakusikia, alijaza mwenyewe, na mara mingi ile ya kujaza njo ilikuwa tamu zaidi.

"Kocha anamwambia beki: wee, kama uko na usingizi, rudia kwa mama yako!"

Na salle nzima inaanguka na kicheko.

Mwaka ule, salle haikutaka tena matimu makubwa. Ilikuwa na timu yake: Thornby, ya divisyo ya pili, ya kamuji kamoja ka mvua na baridi kenye labda hata bazungu benyewe banakatafuta kwanza mu karte ya dunia. Lakini pale ku kushoto, mbele, alikuwa anakimbia Guelord, mutoto wa Mama Joyeuse, ule mama mwenye kuuza bunga ya mahindi ku soko. Guelord alijifunzia mupira mu vumbi nyekundu nyuma ya kanisa, akapitia Lubumbashi, akapitia Belgique, na Thornby ikamuazima mwaka moja. Balimwambia waziwazi: timu ikipanda ku divisyo ya kwanza, unabaki. Isipopanda, unarudia Belgique kukalia benchi.

Ile neno yote Dilala iliijua. Mu mwezi ya nane, wakati ya vumbi, Thornby ilikuwa mbali huku chini, na Tshimanga alikuwa anamuuliza Godefroid, "Monsieur le journaliste, ile timu yenu inacheza mupira ao inalima viazi?" Mvua ikaanza kunyesha Kolwezi, Thornby nayo ikaanza kupanda. Noeli ikaikuta katikati. Pasaka ikaikuta ya tano. Bachimbaji benye kutoka mu mugodi ya Mashamba bakafika na matope yao ku magoti, bakauliza mbele ya kukaa, "Mutoto yetu anacheza leo?" Mechi makumi ine na sita! Kule Angleterre divisyo ya pili haina huruma, banacheza siku ya posho, ile Jumamosi, banacheza siku ya pili, banacheza mpaka mupira yenyewe inaomba konje ya kupumuzika.

Siku ya mechi ya mwisho, Thornby ilishinda mbili kwa moja, na goli ya pili Guelord njo alitoa pasi. Arbitre akapiga filimbi. Ku televizyo, Thornby: nafasi ya tatu.

Sasa, Godefroid alikuwa alisha kubaambia bantu tangu mwanzo kwamba mu ile divisyo timu tatu inapanda. Na hakudanganya. Timu tatu inapanda. Kile hakujua ni namna ile ya tatu inapanda.

Akasimama juu ya benchi, megafoni mu kinywa, mushipa ya shingo inje.

"Dilala! Tu-me-pan-da!"

Mwee! Benchi zilianguka. Ba taxi-moto bakawasha moto zao, zile pikipiki, bakazunguka kartye na honi, mutu mumoja akabeba mwenzake ku mabega na ule wa juu alikuwa anabeba kuku, hakuna mwenye kujua kuku ya nani. Bakafika ku nyumba ya Mama Joyeuse. Na dada yake mukubwa, Mama Odile, akatoka ndani na sahani ya mpemba.

Mpemba, ule udongo mweupe, kwao haichezewi. Banapakala mama mwenye kuzaa. Banapakala mutu mwenye kushinda kesi. Mwenye kupakwa hanawi mwenyewe. Anangojea mpaka neno yake imalizike muzuri, na ule mwenye kumupakala njo anamuosha, mbele ya bantu. Mama Odile akamupakala ndugu yake uso muzima, shingo, mpaka mikono. Bamama bakapiga vigelegele. Godefroid alikuwa anacheza pale katikati na jasho sawa bwana-arusi.

Telefone ya Mama Joyeuse ikalia. Guelord. Bakaweka sauti ya juu ili bote basikie.

"Mama, ile kelele ni ya nini? Nani alikufa?"

"Kufa nini! Tunafurahi! Mulipanda!"

Kisha Guelord akasema pole-pole, sawa mutu mwenye kuogopa kuamusha mutoto:

"Mama... bado. Ya kwanza na ya pili njo inapanda moja kwa moja. Sisi, nafasi ya tatu, tunaingia mu barrage. Timu ine tunapigana, moja tu inatoka. Nani alibaambia tumepanda?"

Moto ya mwisho ikazima. Kila mutu akageuka, na bote bakaangalia mutu mumoja. Kuku ikatoroka.

"Godefroid," Mama Joyeuse akaita, telefone bado wazi mu mukono.

"Mama."

"Kuja hapa."

Godefroid akakaribia. Mbele yake ule uso mweupe pe, na macho mawili yenye haicheki.

"Mi nilipakwa mpemba ya kushinda, na mutoto yangu bado hajashinda."

"Mama, tuiondoe mbio, hakuna mwenye ataona..."

"Dilala nzima iko hapa, unasema hakuna mwenye ataona? Sinawi. Mpemba hairudie mu sahani. Guelord akipanda, itatoka na furaha. Asipopanda, wee Godefroid, wee njo utaniosha, mu soko, katikati, siku ya posho, na ile megafoni yako mu shingo. Bantu bajue nani alipakala mama ya mwenzake bongo, uongo mutupu."

Hapo Godefroid akafikiri kazi yake ya kunyoa. Kumuosha mama mpemba ya aibu mbele ya soko! Nani ataleta tena kichwa yake anyolewe na mutu wa vile?

Asubui ya kesho yake, Mama Joyeuse akaenda ku soko na uso yake mweupe, akakaa nyuma ya bunga yake.

"Mama, mufuko imekupasukia?" akauliza mununuzi mumoja.

"Hii si bunga. Ni Angleterre."

Siku ya yenga akaenda ku misa vile vile. Abbé, na hostia mu mukono, akamuangalia kidogo, ungesema anajiuliza kama ile siku ya Majivu ilirudia. Jasho ya soko ilikuwa inakula mpemba, lakini kila asubui Mama Odile alikuwa anaongeza ingine. Na ku kila bunga yenye alipimia bantu, Mama Joyeuse aliongeza maneno: "Tunacheza siku ya ine. Uombe."

Bachimbaji bakaomba. Ba taxi-moto bakaomba, hata benye habakuwa na dini bakaazima. Godefroid mwenyewe aliacha kula muzuri. Chancelle, bibi yake wa ndoa, alimusikia mu usingizi akisema, "Basini ya maji... nani ana basini?"

Nusu fainali, Thornby ilienda kule kwa wenzake, ikatoka goli moja kwa moja. Ikarudia ku nyumba yake, moja kwa sifuri. Godefroid alitafsiri yote mbili na sauti ya chini kabisa.

"Monsieur le journaliste, mbona unaongea sawa uko ku kilio?" Tshimanga akapiga kelele.

"Nachunga maneno, Tata."

"Leo njo unaanza?"

Sasa ikabaki fainali. London, kiwanja kubwa, siku ya posho mangaribi, jua bado juu. Thornby na Calderford, moja inapanda, ingine inaenda kulia. Tshimanga akajaza jenereta mafuta mpaka juu juu, kwa sababu umeme ya kartye haina heshima na fainali. Salle ilijaa, inje ikajaa, ba taxi-moto bakasimama juu ya viti vya moto zao kuchungulia mu dirisha. Mama Joyeuse alikaa mbele kabisa, uso mweupe sawa taa, na pembeni yake Mama Odile na basini. Basini ile! Godefroid alijaribu kutoiangalia, lakini basini yenyewe ilikuwa inamuangalia.

Kipande ya kwanza, sifuri kwa sifuri. Calderford ilipiga mupira ku chuma ya goli, na bantu bane bakakamata bichwa yao kwa mara moja. Ya pili ikaanza. Kisha mupira ikamufikia Guelord ku kushoto, karibu na musitari.

"Guelord anayo," Godefroid akasema. "Anaangalia. Anaenda. Anapita mumoja. Mumoja alibaki chini! Anapita wa pili, mama yangu, wa pili anatafuta viatu vyake! Anaingia, anapiga... GOLI! Goli! Goli ya nyuma ya kanisa! Goli ya vumbi nyekundu!"

Salle haikuwa tena salle, ilikuwa chungu yenye kuchemuka. Lakini Mama Joyeuse alinyoosha mukono: "Mungoje! Anafanya nini ule?"

Guelord hakukimbilia wenzake. Alikimbia mpaka ku musitari ya pembeni, ile yenye bazungu banapakala rangi nyeupe, mpya ya siku ile. Akapiga magoti. Akasugua mikono mu musitari, mara mbili, akainuka, akajipakala uso. Paji, mashavu, kidevu. Kamera ikamukaribia. Uso yake ikajaa televizyo nzima, mweupe, macho mawili meusi, meno inje.

Mama na mutoto, moja mu televizyo, moja ku benchi, bakaangaliana.

Ku televizyo muzungu alisema kitu, na ile kitu Godefroid aliisikia yote, neno kwa neno, bila kujaza.

"Muzungu anasema..." sauti yake ikatetemeka mu megafoni, "...anasema yeye hajui ile ni nini."

Akapumua.

"Sisi tunajua."

Pale bantu balilia. Bachimbaji bakubwa, benye mikono sawa nyundo, bakapangusa macho na makofia. Tshimanga peke yake njo alishika kichwa:

"Lakini mechi haijaisha! Ule naye amejipakala mbele ya filimbi! Hii famiye, nani aliwaloga?"

Na kweli, sawa maneno yake ilifika London. Mu dakika za mwisho kabisa, beki ya Thornby akamuangusha mutu mu sanduku. Penalti. Mama Odile akakumbatia basini. Muchezaji wa Calderford akaweka mupira, akarudi nyuma, akakimbia, akainua muguu...

Na picha ikaganda.

Muguu juu. Mupira chini. Gardien wa goli katikati, mikono wazi. Hakuna kutikisika. Tshimanga akapiga televizyo kofi, akatikisa waya, akaita Mungu na fundi wake.

"Godefroid, sema!" bantu bakalia. "Sema, baba! Iliingia? Ilitoka? Sema!"

Godefroid alikuwa nayo yote mu kinywa. Gardien ameruka sawa paka! Mupira imeenda juu, imeanguka mu muto wa London! Maneno ilikuwa tayari, tamu, ya moto. Mwaka muzima njo alikuwa anafanya vile: penye hajui, anajaza. Akainua megafoni. Akaona Mama Joyeuse, ule uso mweupe unamuangalia, unangojea.

Akashusha megafoni.

"Sijui," akasema.

Ile neno Dilala haikuwahi kuisikia mu kinywa yake. Ku mulango, Chancelle akapiga alama ya musalaba.

"Yesu! Bwana yangu amepona."

Picha ikarudia. Ikarudia na kukimbia, kila kitu mbio-mbio. Gardien wa Thornby alikuwa amelala juu ya mupira sawa kuku juu ya mayai, na wenzake bote juu yake. Kisha filimbi. Moja kwa sifuri.

Salle ikafungua kinywa, lakini Godefroid akanyoosha mukono na hakuna mwenye alipiga kelele.

"Mungoje! Mbele ya kufurahi: iko barrage ingine kisha hii?"

"Hakuna!" ikajibu salle.

"Hakika?"

"Hakika!"

Hata vile alingojea. Alingojea mpaka Guelord, na uso yake yenye rangi, akainua kombe mbele ya kamera na bazungu bakaandika chini ya televizyo maneno yenye kusema Thornby imepanda. Godefroid aliyasoma mara mbili, na kidole. Kisha tu akaweka megafoni mu kinywa.

"Sasa," akasema, "tumepanda."

Sitaweza kueleza ile kelele. Muulize bantu ba Tenke, ule muji wa mbali, labda nao baliisikia.

Bakabeba Mama Joyeuse mpaka ku soko, jua ikianza kushuka, na bauzaji bakaacha nyanya zao kufuata. Mama Odile akajaza basini maji, akapindua mikono ya kilamba yake. Lakini Mama Joyeuse akamuzuia.

"Hapana. Godefroid ataniosha."

Godefroid akaruka. "Mama! Tulishinda!"

"Njo ile. Odile alileta mukono tu. Mwenye kunipakala ni kinywa yako. Ulisema tumepanda, tumepanda. Neno yako ilichelewa tu njiani. Piga magoti."

Basi Godefroid, na megafoni mu shingo, akapiga magoti katikati ya soko, siku ya posho, bantu bote bakiangalia, sawa kabisa vile aliogopa tangu ile siku. Akachota maji. Akamuosha paji, mashavu, kidevu, pole-pole sawa ni yeye njo alimuzaa. Maji ikageuka nyeupe, na chini ya nyeupe ile uso ya Mama Joyeuse ikatoka, ikicheka. Vigelegele ilipasua soko.

Alipomaliza, Mama Joyeuse akaingiza mukono mu mufuko ya bunga, akamupiga Godefroid uso muzima. Puh!

"Eh Mama! Na hii ni ya nini?"

"Ya mwaka yenye kuja. Ile divisyo ya kwanza, chini kule timu tatu inashuka. Nilimuuliza Guelord, yeye njo alinifundisha. Wee ulisha kubaambia bantu?"

Godefroid, mweupe mpaka ku kope, akaangalia megafoni, akaangalia mama.

"Inashuka?" akauliza.