Jiwe Likilowa

Mama Chomba aliingia kwenye maabara yetu bila hodi. Nyuma yake alikuja mkamwana wake, Delphine, amebeba jiwe lililofungwa kwenye kitenge. Nilikuwa karibu kufoka, maana mashine ya kuponda mawe ili kuyapima nguvu si kitu cha kuchezewa na wageni, lakini nilipoona nguo zao nyeusi nikafunga mdomo.

Hilo ndilo jiwe lililomuua Précieux, mtoto wa Mama Chomba na mume wa Delphine. Dari ya njia ya mgodini ilimwangukia. Wenzake walilitoa juu na kulipeleka kilioni, kwa sababu hawakutaka jiwe lililoua mtu libaki chini likikanyagwa na magari.

Mhandisi wa mgodi naye alifika kilioni. Alisimama mbele ya watu, akatangaza kwamba mawe ya dari ile yalishapimwa na yana nguvu kuliko zege, béton kama alivyoiita mwenyewe. Alitaka kuilinda kazi yake. Hakujua, au hakujali, alichokuwa anamfanyia Delphine. Ukoo ulielewa hivi: jiwe lenye nguvu halianguki bure, yuko aliyelituma. Macho yote yakamgeukia mjane. Jumamosi wangekaa kikao, Delphine afukuzwe nyumbani, na watoto wabaki kwa bibi yao.

"Mama Myriam, pima hii libwe mbele yetu," Mama Chomba aliniambia. "Kama iko nguvu, mi nitajua. Huyu mwenyewe njo aliomba tukuye."

Delphine, ambaye ndiye aliyeomba waje kwangu, alitazama sakafu.

Nilikata vipande viwili kwa msumeno bila kutumia maji, vumbi likatufunika sote. Kipande cha kwanza nikakiweka kwenye mashine. Mshale ukapanda, ukazidi kupanda. Kimoyomoyo nikawa namwomba Mungu kivunjike upesi. Hakikuvunjika upesi. Kilipopasuka, kishindo chake kilitushtua wote watatu.

"Umeona?" Mama Chomba alimgeukia mkamwana wake. "Béton yenyewe haifike pale! Ulimufanya nini mutoto wangu?"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia yeye, na zaidi nilimkasirikia yule mhandisi, aliyepima mawe yaliyokaushwa vizuri halafu akaja kuwahubiria wafiwa.

"Mama, ikala kwanza," nilisema nikimwonyesha kiti. "Précieux hakufwa mu laboratoire. Kule chini maji inatonya kila siku, na hii libwe iko na udongo ndani yake."

Nilijaza beseni maji, nikatumbukiza kipande cha pili. Tukangoja. Mwanzoni yalitoka mapovu madogo tu. Kisha kingo zikaanza kumeguka. Niliwaletea chai, hakuna aliyeigusa. Ilipopoa, kipande kilikuwa kimefunguka tabaka kwa tabaka, na maji yamekuwa tope.

Mama Chomba alikunja mkono wa blauzi, akauzamisha ndani ya beseni. Alichokitoa kilimvunjikia vidoleni kama mkate uliolowa chai.

"Mutoto wangu alikuwa anasimama chini ya hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna muntu aliituma?"

"Hakuna. Ni maji. Kama batu ba mugodi bangeipima na maji yake, bangeweka machuma ya kushikilia ile dari."

Nilidhani atashukuru, au ataomba msamaha. Mimi ni mtu wa vipimo. Jibu likipatikana, naona kazi imekwisha. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi, tope likimchuruzika mkononi.

"Basi sasa mi nitachukia nani?" aliuliza. "Niambie. Nilikuwa na huyu wa kuchukia, njo maana nilikuwa naweza kusimama."

Aliyejibu ni Delphine, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu waingie. Alipiga magoti karibu na mama mkwe wake.

"Mama, bandugu balinikataza kulia. Balisema machozi ya mulozi ni ya bongo, ya kudanganya batu. Mi sijamulilia Précieux hata kidogo."

Mama Chomba alimshika kichwa, akakilaza begani mwake kwa mkono ule wenye tope.

"Lia, mutoto wangu," alisema. "Lia kwanza. Kiisha tutarudia ku nyumba yako."